Barafu kwa Jicho la Achol

Niliondoka Lodwar kwa sababu ya kope moja. Achol, mshonaji kutoka Sudan Kusini anayeishi kambi ya Kakuma, alikuwa amenijia kliniki asubuhi moja, macho yote mawili wazi, akisema kope ya kushoto humwangukia. Sikuona kitu, nikamrudisha na panadol. Wiki iliyofuata akanipigia simu: kwaya imemfukuza, wanasema huja mazoezini jioni akiwa amelewa. Nilifungua vitabu vyangu nikaona aibu. Ugonjwa niliomshuku nao, wa misuli kuishiwa nguvu, hujificha asubuhi, hutokea mtu akishachoka.

Saa nne nilipanda pikapu ya dereva Ekai na ndoo ya barafu niliyoomba kwa wauza samaki, nimeizungushia gunia.

"Ejok, daktari!" Ekai alinisalimu kwa Kiturkana. "Samaki wako wapi?"

Nilimwambia barafu ni ya kupima jicho. Alicheka hadi akakosa gia. Barabara ilitutikisa, injini ikachemka mara mbili.

Saa tisa tulifika Kakuma. Ndani ya ndoo mlikuwa na maji, tena ya uvuguvugu. Achol alisimama mlangoni, kope imefunika nusu ya jicho. Kando yake alikuwa Mama Rebeka, kiongozi wa kwaya na muuza soda, yule yule aliyemfukuza.

"Sasa ni mimi nitoe barafu ya friza yangu?" aliuliza nilipomwomba.

"Tafadhali, mama."

Aliileta akinung'unika. Nikawaeleza kwamba neva haigusi msuli. Mwisho wake humwaga kemikali, nayo huvuka mwanya mdogo hadi kwenye protini za kuipokea. Kwa Achol, kinga ya mwili wake mwenyewe huziba protini hizo. Baridi huifanya kemikali idumu zaidi, ujumbe ukapata kupita.

"Daktari, wacha maneno mingi. Weka," alisema Achol.

Dakika mbili baadaye niliondoa barafu. Kope ilikuwa imepanda, jicho lote linatutazama. Mama Rebeka alishika mdomo. Muda si muda ikaanza kushuka tena, lakini tulikuwa tumeona.

"Achol, nimekusema vibaya."

"Umenisema sana," alijibu, akilia.

Asubuhi nilirudi Lodwar na Achol, nimwanzishie vidonge na kumwandikia barua ya rufaa. Namshukuru kwa kunipigia simu mimi niliyemrudisha na panadol tu. Siku hizi mimi humuuliza kila mgonjwa ni saa ngapi anaumwa.

Kabla hatujaondoka, Mama Rebeka alikuja dirishani mwa pikapu.

"Ukirudi, Jumapili unakaa na mimi mbele," alimwambia Achol. "Jicho ikifunga, mimi ndio nitaambia watu."