Leso ya kazi, vumbi la midoli na kifua cha mtoto: yaliyotukuta Mbale

Wakuu, habari za mchana.

Juzi humu kuna mtu kaweka picha za midoli anayoipiga msasa na kuipaka rangi upya. Kakaa kitandani, mwanawe kalala pembeni, watu wanammwagia sifa. Mimi moyo ulinilipuka. Nikasema leo naandika, mwenye kucheka acheke. Hii siyo chai ya kutunga, ni mambo ya nyumbani kwetu.

Miaka ya tisini tuliishi Mbale, Uganda, mtaa wa Namatala. Sisi ni watu wa Bungoma, upande wa Kenya. Shemeji yangu alikuwa dereva wa malori ya njia ya Malaba, pale mpakani, akaona Mbale panamfaa. Mimi nilikaa nao kumsaidia dada yangu Nekesa kulea mtoto wake, Nanjala, ambaye hata meno alikuwa hajaota.

Dada ana mikono, wakuu. Alikuwa ananunua midoli ya mitumba yenye sura za kizungu zilizochakaa. Anatoa rangi yote kwa msasa, anaongeza pua na mashavu kwa ile filla ya kuzibia mabonde ya mafundi wa bodi za magari. Ikikauka anapiga msasa tena mpaka iwe laini, kisha anapaka rangi ya ngozi yetu na kuvisha gomesi, lile gauni la kina mama wa Uganda. Ukiitazama unasema huyu namjua, si shangazi fulani huyu!

Mteja wake mkubwa alikuwa mama mmoja wa Kihindi kule Jinja, mwenye kabati la vioo lililojaa midoli ya kila nchi. Siyo ya kuchezea, ni ya kutazama tu. Kila dada akimpelekea, anataka mingine.

Sasa vumbi lake. Jeupe, laini kama unga wa muhogo.

Dada alifanyia kazi chumbani, mlango umefungwa, maana upepo wa mlimani ukipita rangi mbichi inashika mchanga. Pua na mdomo anajifunga leso, yaani khanga. Akimaliza anaitundika msumarini, anakunywa maziwa kikombe kizima, eti yanaosha kifua. Mafundi wote pale mtaani walifanya hivyo, wa mbao, wa saruji, wote. Nani angebisha?

Nanjala akaanza kukohoa.

Kikohozi kikageuka mluzi. Akivuta pumzi, mbavu zinaingia ndani. Wakuu, kama hujawahi kukaa ukisikiliza pumzi ya mtoto, ukiogopa kwamba inayofuata haitakuja, usiombe. Mimi ni mwoga wa kuzaliwa.

Hospitali walitupa dawa, wakauliza kama tunapikia ndani. Tukatoa jiko nje. Tukaacha na taa ya mafuta. Wapi!

Jirani yetu alikuwa afande wa magereza, mtu wa kaskazini, mwenye sauti ya paredi na roho nzuri. Kila akipita anauliza, "Mama Nanjala, hii mtoto bado nakohoa? Wewe funika yeye vizuri, bwana. Baridi ya hii mlima ni mbaya."

Basi tukamfunika. Dada akitoka kazini, mimi naichukua leso msumarini, namfunga mtoto mgongoni, namfunika mpaka kichwa. Akizidi kukohoa, nazidi kumfunika.

Ikafika siku ya kupeleka midoli Jinja. Mtoto hatukuweza kumwacha, tukaenda wote. Dada akatoa leso yake mpya, ya kutokea. Tulifikia kwa binamu yetu, tukakaa siku kadhaa.

Nanjala akapumua! Mluzi ukapungua, akawa anacheka na kuvuta hereni zangu. Dada akalia machozi. "Ni ile nyumba," akasema. "Kuna mtu katutupia kitu."

Na mimi nikaamini, jamani. Nikaanza kuwapitisha majirani kichwani mmoja mmoja, nikamshuku hata mke wa afande, maskini, ambaye kosa lake lilikuwa kununa tu.

Tuliporudi Mbale, siku ya pili tu mluzi ukarudi. Dada akasema yatosha. Mtoto apelekwe Bungoma kwa bibi yake, na yeye abaki amalizie midoli ya mteja. Mtoto ananyonya! Dada anakunja vinguo vya mwanawe huku maziwa yanamlowanisha kifuani. Sijui kama nimewahi kuona uchungu ule tena.

Akaniambia nimbebe mtoto twende stendi. Leso ya kutokea ilikuwa imefuliwa, haijakauka. Nikachukua ya msumarini, nikasimama mlangoni, mtoto kiunoni, nikaikung'uta ili nimfunge.

Jua lilikuwa linaingia moja kwa moja. Vumbi likapanda, jeupe, likatuzunguka. Nanjala akakohoa palepale.

Tukatazamana.

"Weka chini," dada akasema. "Iweke chini hiyo leso." Halafu akakaa sakafuni. "Nakunywa maziwa mimi, mwanangu namfunga vumbi."

Bungoma hakwenda mtu. Dada alihamishia kazi nje, nyuma ya nyumba, akawa analowesha mdoli na msasa kwa maji ili vumbi lisiruke. Shemeji akamletea barakoa ya mafundi, maana leso haizuii vumbi laini kama lile. Gauni la kazi halikuingia tena ndani, na mtoto hakumshika kabla ya kuoga. Sakafu tulipangusa kwa kitambaa kibichi, ufagio tukauacha. Kifua kilichukua muda kupona, ila kilipona.

Na hayo maziwa, wakuu, yanakwenda tumboni. Vumbi liko kifuani. Havikutani.

Nanjala sasa ni mama. Majuzi kaja na kichanga chake, dada akamtolea leso ya kumbebea, mpya kabisa ya dukani. Kwanza akaenda nayo mlangoni, akaikung'uta juani, akatazama. Akaikung'uta tena.

"Mama nawe, si mpya hiyo?" Nanjala akacheka. Mimi na dada hatukucheka.

Haya, mnaopiga msasa midoli, mbao, hata kucha, niambieni nguo zenu za kazi mnazitundika wapi. Na wewe wa ile picha, mtoe kwanza mtoto humo chumbani, halafu ndiyo urudi unitukane.