Kompyuta ya Mke Wangu Iligawiwa Msibani

Admin, nitashukuru ukiliacha jina langu pembeni, maana wakwe zangu nao wanaifuatilia hii peji. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tatu, fundi cherehani, naishi Ipogolo, Iringa. Niliishia kidato cha nne, kwa hiyo nikikosea kueleza mtanisamehe. Masika yaliyopita nilifiwa na mke wangu. Hatukujaliwa mtoto.

Mke wangu alikuwa anachapa na kutoa kopi kwenye steshenari moja mjini. Kwao ni Mbeya. Alikuwa mcheshi, na alipenda gemu tangu yuko kwao. Ndoto yake ilikuwa kompyuta ya gemu atakayoiunga kwa mikono yake mwenyewe. Ya dukani hatukuiweza, kwa hiyo tulinunua kifaa kimoja kimoja, kila nilipopata kazi ya kushona sare za shule. Vyote vilikaa ndani ya maboksi yake kwenye kabati la nguo, vikisubiri vitimie.

Jioni tukila alikuwa ananifundisha. Nikisema tuchukue pawa saplai ya bei ya chini, anakataa. "Hapo usibane, fundi. Umeme wetu huu wa kukatika katika utatuunguzia kila kitu." Nikiuliza kwa nini tusiongeze feni, anacheka. "Baridi yote hii ya Iringa ni ya nini? Hiyo ndiyo feni ya bure." Kwenye prosesa tulibishana sana. Alichagua ile ya bei nafuu ambayo haiwezi kutoa picha yenyewe, ili hela itakayobaki iende kwenye kadi ya grafiksi iliyo nzuri, hiyo ndiyo itoe picha. Nikamwambia, "Yaani ni koti lisilo na bitana, bitana tunanunua pembeni." Akapiga makofi. "Eee! Umeelewa kuliko wateja wangu wote."

Kadi yenyewe, ya mtumba lakini nzima, ilikuja na basi kutoka Dar akiwa ameshalazwa. Nikampelekea wodini. Nesi akauliza kama ni keki. Mke wangu akaliweka boksi kando ya mto, akawa analipapasa. "Usije ukawasha bila mimi," akaniambia. Nikamjibu tutawasha wote. Boksi nililirudisha nyumbani mimi, yeye hakurudi.

Siku ya kuanua tanga ndugu zake walikaa mkekani kugawa vitu vyake. Kwetu mali za mke aliyefariki hugawiwa na upande wake, mume ananyamaza. Shangazi yake alifungua kabati, akakuta nguo na maboksi viko pamoja, akagawa vyote. Skrini akachukua mwenyewe. Kasha la kompyuta, lile lenye kioo ubavuni, akapewa dada wa marehemu anayeishi Nyololo. Kadi akapewa mdogo wa marehemu, yule wa kiume wa Mbeya. Vilivyobaki wakavitazama, shangazi akasema, "Hivi vyuma vyuma abaki navyo mkwe." Mimi nilikuwa nimeinama. Mama mkwe yuko pale pale, na udongo wa kaburi haujakauka. Ningeanzaje kubishania vitu?

Skrini ilirudi yenyewe. Shangazi alinipigia simu. "Baba, hii tivii yenu mbona haishiki chaneli hata moja? Naipakia kwenye basi, kaipokee." Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nikapata moyo, nikafunga safari ya Mbeya. Njiani nilishuka Nyololo. Kasha nilikuta liko dukani kwa yule dada, limepangwa maandazi, kioo kinang'aa. Nilipomweleza ni kitu gani, akaanza kulia huku anatoa maandazi moja moja. "Mimi nilijua ni kikabati, shemeji. Utalipitia ukirudi."

Mbeya yule mdogo wake alinipokea kwa furaha. "Ugonile, shemeji! Njoo uone." Kadi alikuwa ameshaichomeka kwenye kompyuta yake. Akawasha gemu ya mpira. Timu ameipa jina la dada yake. Akaniambia bila kunitazama, "Dada ndiye aliyenifundisha kucheza. Nguo zake wamechukua wanawake. Mimi nimebaki na hii tu." Nikavuta stuli, nikaitazama mechi yake mpaka ikaisha.

Mama mkwe alikuwa ameshaelewa nilichofuata. Wakati naaga akaniambia taratibu, "Mkwe, kilichogawiwa msibani kikidaiwa, msiba unarudi. Mwache mwanangu apumue." Nikaitikia, nikapanda basi, na Nyololo nikalipitia kasha.

Nimeunga vilivyopo, juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Nilipobonyeza, feni ya prosesa ikazunguka, taa ikawaka. Kisha skrini ikaandika kwamba haipati picha, ikawa nyeusi.

Najua mtasema ninunue kadi nyingine. Fundi wa mjini kaniambia hata ya zamani kabisa itatoa picha. Lakini hiyo itakuwa kompyuta yangu mimi, na mimi hata gemu sijui kucheza. Ya kwake ni ile aliyoichagua, aliyolala nayo kando ya mto. Nikimdai shemeji namnyang'anya na yeye dada yake, na wale ndio ndugu pekee alioniachia. Nikimpelekea hivi vyote iwe nzima huko kwake, itawaka Mbeya bila mimi, na mimi nilimwambia tutawasha wote.

Kila asubuhi kabla ya kushona naibonyeza kidogo. Inalia feni tu, na baridi hii ya Iringa. Ndugu zangu, hasa ninyi mliowahi kuzika mwenza, naombeni neno: nikaidai ile kadi, nimwachie kijana kila kitu, au nichomoe waya nikubali kwamba haitawaka?