Amri za Mdomo

Mhandisi wa mwenye jengo alitoa amri huku akitembea, mikono mfukoni, kwa sauti ya chini kama anayeulizia choo. "Endeleeni tu, mimi nipo," ndiyo kauli yake, na msimamizi wa mafundi hakuwahi kuiamini. Asubuhi moja, zege likichanganywa, alimsogelea msimamizi sikioni. "Bwana mkubwa, nguzo hii punguza nondo. Mwenye jengo anajua."

"Mkataba unataka mabadiliko kwa maandishi, mhandisi. Andika, utie sahihi." Msimamizi akamnyooshea kalamu. Mhandisi akajipapasa mifuko yote. "Nimesahau miwani nyumbani." Miwani ilikuwa kwenye paji la uso wake. Msimamizi akazima mashine ya zege, akangoja.

"Fungeni nondo zote!" mhandisi akawapigia mafundi kelele. "Si ndivyo nilivyosema tangu mwanzo?"