Sauti ya Mjukuu Wangu Ilipokataa Kupanda

Mjukuu wangu anaimba R&B. Watu wa Garsen wakiniuliza hiyo ni nini, huwaambia ni nyimbo za mtu asiye na haraka. Sauti hulishika neno moja, ikalizunguka, ikalipinda, wala hailiachii mpaka limelainika. Shule nilisoma kidogo sana, lakini kuimba namna hiyo nakujua: ndivyo tunavyowaimbia ng'ombe tukikamua. Ng'ombe wote niliowakamua tangu usichana wangu, majina yao ninayo kichwani, na ya wanawake niliokamua nao pia. Hapa sitaji hata moja. Mjukuu wangu ndiye aliyeniomba nisitaje, na jina lake lina kazi zake huko liliko.

Alianza kuimba ubavuni mwangu, yeye ameshika kibuyu, mimi navuta chuchu. Baadaye akasikia nyimbo za Wamarekani kwenye simu ya binamu yake, akanijia mbio.

"Bibi, hawa nao wanaimba kama wanakamua!"

Nikacheka mpaka ng'ombe akarusha teke.

Alipomaliza shule alikwenda Mombasa, akaimba mahotelini, mbele ya watu wanaokula bila kumtazama. Miaka ikapita hivyo. Hakunung'unika, alisema ukiwaimbia watu wanaotafuna utajifunza kupumua. Kisha nyimbo zake zikaingia redioni. Siku za mnada wa mifugo nikawa nazisikia kwenye simu za madalali. Mmoja akanitania, "Mama mzee, mjukuu wako analia hivi, nani amemkosea?"

"Wewe," nikamwambia, "tangu siku uliyomchukua fahali wetu kwa bei ya mbuzi."

Wenzake walimcheka mpaka akazima simu.

Mwaka jana akashuka basi hapa Garsen bila sauti. Aliandika kwenye simu, mama yake akanisomea: daktari ameona vivimbe kwenye nyuzi za sauti, asiseme neno mpaka vipone. Na bendi yake huko Mombasa ilikuwa ikimngoja kwa onyesho kubwa. Asipoweza, atatafutwa mwimbaji mwingine, na kazi yote aliyoihangaikia itamwendea huyo.

Kunyamaza kwetu si jambo dogo. Sisi Waorma tukisalimiana tunaulizana watu, ng'ombe, maziwa, mvua, malisho, na kila swali lina jibu lake. Kaka yangu mkubwa alikuja kutoka Bangale, akasimama mbele ya mjukuu wangu akamuuliza hayo yote. Binti akainamisha kichwa tu, mkono kifuani.

"Mombasa imemla salamu huyu!" kaka akafoka. "Siku hizi sisi si watu?"

Ikabidi nizijibu mimi zile salamu kwa niaba yake, moja moja, mpaka malisho. Kaka alipoelewa kuwa ni ugonjwa aliona haya, akaondoka bila kunywa chai. Alirudi na asali.

Daktari akamruhusu aanze kuimba kidogo kidogo. Hakuimba. Nilimuuliza sababu.

"Naogopa, bibi. Nisipojaribu, bado sijaikosa sauti yangu."

Wakati huo ng'ombe wetu mmoja alikuwa amefiwa na ndama. Tulimwekea ngozi ya ndama wake ailambe, nikamwimbia, wapi! Maziwa alikuwa akiyabana, akiyatoa kwa kutuonea huruma. Asubuhi moja nimechuchumaa naimba, pumzi ikanikatikia. Kifua changu cha uzee hakifiki tena mwisho wa wimbo. Na wimbo wa kukamua kwetu haukatizwi katikati. Ukikatika, ng'ombe hufunga maziwa kutwa nzima. Ndipo nikasikia mtu nyuma yangu akiupokea.

Sauti ilikuwa chini, ina mchanga. Ilipofika pale wimbo unapopanda, ikapasuka. Nikafumba macho. Angeweza kunyamaza, angeweza kuilazimisha. Yeye akashuka. Akaupeleka wimbo chini mahali ambapo sijapata kuusikia maishani mwangu, akaupinda hukohuko, taratibu. Maziwa yakaanza kugonga kibuyu.

"Bibi," akasema tulipomaliza, "huko juu hakuna kitu tena."

"Kwani juu ulikuwa umeacha nini, mke mwenza?" Ndivyo ninavyomwita nikimtania.

"Kazi yangu."

"Mbona ng'ombe hajaiulizia?"

Akacheka, kicheko cha kukwaruza. Kesho yake akaja mwenyewe kukamua, na siku zilizofuata hakungoja kuitwa.

Halafu akampigia kiongozi wa bendi, akaomba nyimbo zote zishushwe chini, zifuate sauti yake ya sasa. Yule bwana akasema watu wanaitaka sauti wanayoijua.

"Basi waje wajuane na hii," mjukuu wangu akajibu. Nilikuwa nimeketi hapo hapo, nikasema mashallah moyoni.

Alirudi Mombasa wakafanya mazoezi. Walipomsikia, habari ya mwimbaji mwingine ikafa.

Siku ya onyesho nilikuwa huko Mombasa, mbele kabisa ya jukwaa, nimeshika ncha ya leso yangu. Ule wimbo uliompatia jina una mahali pa kupanda karibu na mwisho, na kila aliyekuwa pale alikuwa akipangojea. Alipofika hapo akarudi nyuma hatua moja, akamwachia msichana anayemwitikia. Msichana akapanda, watu wakapiga kelele. Mjukuu wangu akamtazama akitabasamu, hana kijicho hata chembe, kisha akaingia chini ya sauti ile na sauti yake ya mchanga, akambeba.