Viatu vya Dani Vilivyobaki Brussels

Harufu ya rangi nyeusi ya viatu hunipeleka mahali ambapo hamwezi kudhani. Wengine huwakumbusha paredi ya shule, au baba akijiandaa kwenda kanisani. Mimi hunikumbusha ngazi za mbao zinazoteleza, madirisha marefu, na barabara iliyokuwa kimya hata nikadhani kuna msiba. Hunikumbusha wivu pia. Wivu huo niliubeba kutoka Kisumu bila kujua, nikaufungulia kule ugenini, na sitawadanganya, mabaki yake bado ninayo.

Mwezi uliopita binamu yangu Akeyo alikuja kwetu Nyalenda, akaketi kwenye kochi, akafungua mkoba wake na kutoa kiatu kimoja, kisha cha pili. Vyeusi, vya kisigino kifupi, vimepakwa rangi upya. Nilivitambua kabla havijagusa sakafu. Vilikuwa viatu vya kanisani vya Dani, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kijaluo, na vilipotea nikiwa na miaka kumi.

Nililelewa na Dani papa hapa Nyalenda. Mama yangu aliuza chakula Muhoroni, karibu na kiwanda cha sukari, akitoka alfajiri na kurudi giza limeingia, kwa hiyo nikaachwa kwa nyanya. Dani aliuza omena sokoni, wale dagaa wadogo wa ziwani. Nyumba yetu ilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye bomba la maji la mtaa, basi nilikua nikiamshwa na ugomvi wa mitungi, redio za majirani na jogoo wasio na adabu. Katika makelele hayo yote nilikuwa na kitu kimoja cha peke yangu, nacho kilikuwa Dani. Siku tukipika samaki mzima, kichwa kilikuwa changu. Hilo halikujadiliwa. Alikiweka kwenye sahani yangu, nami nikakifyonza mfupa baada ya mfupa, macho nikiyaacha mwisho, naye akinitazama kwa raha kana kwamba tumbo linaloshiba ni lake.

Nilichokosa ni jina. Mimi niliitwa Anyango kwa kuwa nilizaliwa jua likipanda, jina ambalo hata saa ya ukutani ingenipa. Akeyo alipewa jina la mtu. Mama yake, mama mdogo wangu, alimzaa Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, alikoolewa na dereva wa tramu. Yule mtoto alilia mchana na usiku, madaktari wasione kitu. Huku Kisumu Dani akamwota marehemu mama yake amesimama mlangoni akiomba maji. Kulipokucha akapiga simu, akasema mtoto analilia jina la marehemu yule, mwiteni Akeyo. Wakamwita, akanyamaza. Ndivyo tulivyosimuliwa, na hakuna aliyethubutu kuuliza kama pengine lilikuwa jino tu. Tangu siku hiyo, kwa desturi yetu, Dani hakumwita mjukuu. Alimwita Mama. Kitoto ambacho hakuwahi kukibeba, tena kidogo kuliko mimi, kilikuwa Mama, na mimi niliyemchotea maji kila siku nilikuwa "wewe Anyango".

Mama mdogo alipotuma tiketi za Agosti, moja ya Dani na moja yangu ili nimsomee vibao vya uwanja wa ndege, watoto wa Nyalenda walinitazama kwa macho yasiyo na pazia. Niliwaringia vibaya sana. Nilitembea hadi bombani nikiwa nimevaa sweta la safari jua likiwaka, jasho likinitiririka mgongoni, ili kila mtu alione. Sikujua kwamba huko niendako zamu ya kuumwa itakuwa yangu.

Mtaa wa mama mdogo ulikuwa karibu na katikati ya jiji, tulisikia kengele za kanisa kuu, lakini ukimya wake ulinitia hofu. Nyumba nyembamba za matofali zilisimama zimebanana, baiskeli zimefungwa kwenye vyuma, paka wameketi madirishani wakitutazama kama wenye mtaa. Kila taifa lilikuwa na mtu wake pale. Muuza samaki alikuwa Mmoroko, wa mikate Mreno, wa mboga Mturuki, na orofa ya juu yetu aliishi Mama Furaha wa Bukavu. Wote walitembea taratibu na kuongea chini chini, kama watu waliokubaliana wasimwamshe mgonjwa. Dani hakukubaliana na yeyote. Alimwamkia kila aliyepita kwa sauti ya sokoni, Kijaluo kwanza, kisha Kiswahili, mkono ameunyosha mbele. Mwanzoni walishtuka. Baada ya siku chache walikuwa wakivuka barabara kuja kuupokea mkono ule.

Akeyo alikuwa na chumba chake, kitanda chake, baiskeli yake nyekundu na rafu ya vitabu. Ajabu ni kwamba hivyo havikuniuma. Kilichoniuma kilikuja mezani. Dani alikuwa amenunua samaki mzima kwa yule Mmoroko, akamkaanga kisha akamtia kwenye mchuzi wa nyanya kama kwetu. Nikakaa tayari. Nikaona kichwa kikiinuliwa kutoka sufuriani, kikapita mbele ya pua yangu na kutua kwenye sahani ya Akeyo.

Akeyo alilitazama lile jicho la samaki, nalo likamtazama. Midomo ikaanza kumtetemeka. Dani akacheka, akasogeza kiti, akaanza kumbandulia nyama ya shavuni na kumlisha kwa vidole.

"Mama, kula. Hii ndio tamu," akamwambia.

Nilisema kichwa ni changu. Nililisema kwa Kijaluo, ili Akeyo asielewe.

"Wewe uko na mimi kila siku," Dani akanijibu bila kugeuka. "Wacha na huyu ajue mahali tamu iko."

Nilikula mkia usiku huo, na mkia wa samaki, kama mnavyojua, hauna la kusema. Nilimchukia Akeyo kwa moyo wangu wote wa miaka kumi. Nilichukia alivyomfuata Dani chooni na kumsubiri mlangoni, alivyomshika upindo wa gauni barabarani, alivyojaribu kusema "Dani" na ulimi wake ukaliparuza lile jina. Kila samaki aliyepikwa baada ya hapo, kichwa kilikwenda kule kule, hadi akajua kukivunja mwenyewe.

Kisha kukawa na habari ya omena. Dani alileta furushi zima, akaona zimeshika unyevu safarini. Kwetu omena zikishika unyevu hurudishwa juani, basi akatandika shuka kwenye roshani na kuzianika, Jumapili, katika mtaa ule wa watu wanaoongea chini chini. Jua la Agosti likafanya kazi yake. Madirisha ya uani yakaanza kufungwa moja baada ya jingine. Mama mdogo aliporudi kutoka kazini aliisikia harufu tangu ngazi ya kwanza, akapanda mbio, uso umemshuka, na kabla hajamaliza kumlaumu Dani mlango ukagongwa. Sote tukajua ni polisi.

Alikuwa Mama Furaha wa Bukavu. Alisimama pale na bakuli tupu mkononi.

"Jambo sana, Mama," akasema. "Hii ni ndagala ao pua yangu inanidanganya?"

Ndagala ndilo jina la omena kwao. Dani, ambaye hakuwa amepata mtu wa kuongea naye Kiswahili kirefu tangu tuwasili, alimkumbatia kama dada aliyepotea. Kiswahili chao hakikufanana, kila mmoja aliona cha mwenzake kimepinda, lakini walicheka hadi jua likashuka. Kesho yake Mreno wa mikate naye akaonja. Kufikia mwisho wa wiki Dani alikuwa na watu wengi pale kuliko mama mdogo aliyekaa miaka yote ile. Kila mtu alifurahi, na mimi nikazidi kuogopa, maana nilimwona Dani akizoea.

Hofu hiyo ilipata maneno alasiri moja. Nilikuwa nimeketi sakafuni nyuma ya pazia la roshani, Dani na mama mdogo wakimenya viazi nje.

"Mama, si ubaki tu?" mama mdogo alisema. "Hapa maji iko ndani ya nyumba. Akeyo amekuzoea. Anyango nitamrudisha na mtu."

Dani akachukua kiazi kingine. Nilisikia kisu kikizunguka kiazi.

"Hapa ni kuzuri," akasema hatimaye. "Lakini wacha nifikirie."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mashaka yangu siku zilizobaki. Sikulala vizuri, sikula vizuri. Mjini wakanionyesha sanamu na majumba ya wafalme, sikuona kitu. Niliona tu mkono wa Dani ndani ya mkono wa Akeyo. Niliwaza nitakavyorudi Kisumu na mtu nisiyemjua, nikafungue mlango wa nyumba ya Nyalenda, ndani kusiwe na mtu wa kuniita "wewe Anyango". Jina hilo nililokuwa nikilidharau, ghafla nililitaka kuliko jina lolote.

Dani hakutangaza uamuzi. Siku mbili kabla ya safari alilitoa sanduku letu chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo zake pamoja na zangu. Nilitoka hadi kwenye ngazi nikalia kwa furaha, peke yangu, uso kwenye reli ya mbao iliyonukia rangi. Niliporudi nilipita mbele ya chumba cha Akeyo nikiimba.

Asubuhi ya kuondoka viatu vya Dani havikuonekana. Alikuwa amevipaka rangi jana yake na kuviacha mlangoni. Baba yake Akeyo, yule dereva wa tramu, mtu mpole ajabu, alitambaa chini ya kila kiti. Mama mdogo alipekua hadi ndani ya friji. Ndege haingoji, basi mwishowe Dani akavaa soksi na slipa zake za bafuni, akasema viatu vimependa Ulaya, wacha vibaki. Akeyo hakutoka chumbani kutuaga. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Dani aliweka kiganja juu ya ule mlango na kusema neno pole pole, nisilisikie, kisha tukashuka. Mimi niliona ni maringo. Nikafurahi, nikasema moyoni, kumbe hampendi kama mimi.

Garini Dani alilia. Nilimwambia asijali, sokoni Kibuye kuna viatu vizuri zaidi. Akanitazama, akanipangusa pua.

Tangu hapo, miaka yote niliyokua, simu ya Akeyo iliingia Jumapili baada ya ibada. Dani aliipokea akatoka nayo nje, nyuma ya jiko, mahali asiposikika. Alinong'ona, akacheka kicheko ambacho hakunipa mimi. Nikimuuliza wanacheka nini, alisema, "Mambo yetu na Mama." Nilifua nguo zake, nikampeleka hospitali, nikajifunza kumchoma sindano ya sukari, na bado nyuma ya jiko kulikuwa na chumba ambacho mimi sina ufunguo. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Niliona nyumbani kwetu methali hiyo imepinduliwa, asiyekuwepo ndiye mwenye lake.

Dani alitutoka mapema mwaka huu, tukamzika kijijini Seme kando ya babu. Akeyo hakuwahi mazishi, karatasi za safari zilichelewa. Ndiyo maana alikuja mwezi uliopita, mwanamke mzima mrefu, na mkoba wake.

"Nilivificha kwenye kikapu cha nguo chafu," akaniambia, akivitazama vile viatu. "Nilidhani mtu bila viatu hawezi kwenda Kisumu."

Nilimuuliza kama Dani aliwahi kujua.

"Alijua siku ile ile. Aliniambia mlangoni. Alisema, vitunze, nikirudi nitavivaa. Kila Jumapili aliniuliza, Mama, viatu vyangu viko? Nikamwambia viko. Akaniuliza, umevipaka rangi? Tukacheka." Akavipangusa kwa kiganja. "Wewe ulikuwa naye kila siku, Anyango. Mimi nilikuwa na viatu."

Nilibaki na hayo maneno mikononi. Kwa miaka yote nilijiona mimi ndiye niliyenyimwa kichwa cha samaki. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtoto aliyejifungia ndani na jozi ya viatu, akisikiliza nyayo zetu zikishuka ngazi, na nyayo mojawapo ni za slipa. Nilikuwa nikimwonea wivu mtu aliyekuwa akinionea wivu mimi, na Dani katikati akitulisha wote wawili, mmoja kwa sahani, mwingine kwa simu.

Akasema nivichukue. Nilivivaa pale pale, vikanikaa sawasawa. Yeye akajaribu, mguu haukuingia hata nusu, nami, Mungu anisamehe, nikafurahi kidogo.

Kisha nikaenda jikoni. Nilikuwa nimepika samaki mzima, ngege mkubwa wa ufuoni Dunga. Nilisimama juu ya sufuria na mwiko mkononi muda mrefu kuliko mpishi anavyohitaji. Tangu Dani afariki, kichwa nilikula mimi, hakuna aliyekishindania. Nikakiinua, nikakipeleka mezani, nikakiweka kwenye sahani ya Akeyo.

Hakuuliza. Alikivunja pale panapostahili kuvunjwa, akafyonza mfupa baada ya mfupa, na macho akayaacha mwisho. Nilikitazama kikiisha. Kiliniuma, hata sasa, nami nikala mkia wangu kimya.