Shamba Lililohama kwa Matenga

Mahindi yangu ya ng'ambo ya kijito yalikuwa yanageuka rangi. Yakishafika magotini, majani yanaanza kuiva kandokando, rangi ile ile ya midomo ya mtoto aliyetoka kula zambarau. Yakigeuka hivyo, basi, yanasimama. Hayapandi, hayafi. Wakati wa kuvuna unamenya ganda unakuta gunzi la kidole, na punje zimekaa kama meno yangu mimi: moja huku, moja kule, katikati upepo unapita.

Lakini nyuma ya jiko langu, mbegu ile ile, mvua ile ile, jembe lile lile, mahindi yalikuwa yanafunga hata mtu akiingia humwoni tena. Hapo ndipo watu wa kijijini kwetu Mvumi walipopata cha kusema.

"Shamba limefungwa hilo," aliniambia jirani yangu, ambaye hakosi la kusema hata kwenye msiba. "Tafuta mtu alifungue."

"Aliyelifunga amesahau nyuma ya jiko? Mchawi gani huyo, anapita penye mahindi mazuri, anavuka maji kwenda kuroga mabaya?"

"Wewe na ubishi wako."

"Na wewe na mganga wako."

Shamba lile alilifyeka mama yangu akiwa na mimi mgongoni. Limetulisha sisi, nikalirithi, likalisha wanangu. Sasa lilikuwa linanikatalia, na halisemi kwa nini.

Mwanangu wa kwanza anakaa Mikumi, anaziba pancha za malori kando ya barabara kuu. Alikuja kabla ya masika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona mikono mitupu?"

"Nimekuja na maneno."

"Maneno hayapikwi. Kaa."

Akakaa, akayazunguka maneno yake kama kuku anayetafuta pa kutagia, mwisho akayatoa. Amepata mtu wa kulikodi shamba la ng'ambo, alime ufuta. Mimi nihamie kwake Mikumi, chumba kipo, mkewe yupo, wajukuu wapo.

"Utakaa kwenye kiti, mama. Umechoka."

"Nikishakaa nifanye nini?"

"Upumzike."

"Kupumzika ni kwa waliolala makaburini."

Hakucheka. Akasema, kwa heshima kabisa, macho chini: "Mama, unapeleka mbegu kule, unapeleka mgongo wako kule, na kule hakurudishi kitu. Mimi nikisikia umeanguka shambani peke yako, nitajiambia nini?"

Hilo liliniingia. Tukakubaliana: masika hii moja. Mahindi yakigeuka zambarau tena, nakunja mkeka wangu, nakwenda Mikumi, na shamba linakwenda kwa mtu wa ufuta. Nilimpa neno langu, na mimi neno nikishalitoa silimezi tena.

Wiki hizo hizo akapita bwana shamba. Sisi tunamwita bwana shamba ingawa ni binti, na amesuka nywele, na anaendesha pikipiki akiwa na mabuti ya mvua. Akanisalimu shikamoo vizuri, akakataa kiti, akaomba aone shamba kwanza. Hapo nikampenda kidogo, lakini sikumwonyesha.

"Bibi, unaweka mbolea gani?"

"Ya kukuzia. Kila mwaka."

"Na ya kupandia?"

"Ile ya kufukia shimoni? Hiyo ya nini? Unaifunika chini huioni hata inafanya kazi gani. Ya kukuzia unaweka leo, mvua inanyesha, mahindi yanakuitikia."

Hivyo ndivyo tulivyo wote huku. Tunanunua kile ambacho jicho litakiona.

"Ya kukuzia nayo ni chakula, bibi," akasema, "ila ni chakula cha namna moja. Mtoto ukimpa uji mtupu kila siku atajaza tumbo. Mifupa itatoka wapi?"

Akachimba udongo wa ng'ambo kwa kijikoleo, akauweka kwenye mfuko mdogo. Tukarudi nyumbani, akachimba mwingine nyuma ya jiko. Kisha akatoa vichupa na dawa zake, akavipanga kwenye kinu changu nilichokigeuza juu chini. Akachanganya, akatikisa, akachuja kila mmoja peke yake mpaka maji yakatoka meupe. Yalikuwa sawasawa, huwezi kusema yapi ni ya wapi. Akadondoshea dawa nyingine.

Mimi nimeona vitu duniani. Nimeona mafuriko yakipita katikati ya nyumba ya watu na sufuria zikielea. Nimezaa, nimezika. Lakini kile kichupa cha nyuma ya jiko kilipoanza kugeuka, mwanzo kama moshi, halafu kama anga baada ya mvua, halafu bluu nzito kabisa, na kile cha ng'ambo kikabaki cheupe vile vile, maji matupu, nilishika kiuno nikasema Subhanallah.

"Nini hicho?"

"Kinaitwa fosforasi. Kipo kwenye udongo, mmea unakinywa kwa mizizi. Bluu ikiwa nzito, kipo kingi. Huku kwako nyuma ya jiko kimejaa. Ng'ambo kimekwisha."

"Rudia."

"Bibi, dawa ni chache, tunaibania."

"Rudia. Na mara hii udongo nachimba mimi."

Nilichimba mwenyewe. Nilichimba ng'ambo, katikati kabisa, pale mama alipokuwa akinilaza akilima. Nikachimba na kwenye kiwanja tunachopigia mahindi, tulipopigia tangu sijaolewa. Akarudia. Cha kiwanjani kikaja bluu kama kaniki. Cha ng'ambo hakikuja na kitu. Nilikiinua nikakitazama juani, nikaona vidole vyangu upande wa pili.

"Basi kimekwenda wapi?" nikamwuliza. "Ardhi haina miguu."

Binti akaniangalia. "Niambie wewe, bibi. Shambani kule, mkishavuna, kinatoka nini?"

"Mahindi."

"Na nini?"

"Magunzi na maganda yake."

"Mnayapeleka wapi?"

Jibu lilikuwa linakuja lote kwa pamoja na halipiti mlangoni.

Kwetu mwanamke alijulikana kwa shamba safi. Ukishavuna unaacha ardhi imefagiwa, hakuna ganda, hakuna gunzi, na wakwe wakipita wanasema huyu kafundwa. Nilifundwa vizuri. Mahindi yote nilibeba na magunzi yake, tenga kichwani, navuka kijito, napandisha, namwaga kiwanjani. Yanapigwa pale, vumbi lake linalala pale. Magunzi yanakwenda jikoni kuwa kuni. Majivu yanamwagwa wapi? Nyuma ya jiko. Pumba, maganda, maji ya kuoshea, kinyesi cha kuku, vyote nyuma ya jiko. Mabua yaliyobaki wanakula ng'ombe wa Wamaasai wanaopita kiangazi, kisha wanakwenda kulala kwenye boma lao na matumbo yao. Na punje zinaingia kwenye magunia, zinapanda lori.

Shamba lilikuwa na miguu. Miguu yenyewe yangu. Mama alilihamisha, mimi nikalihamisha, kila kiangazi kidogo kidogo, tukiimba, na tukasifiwa. Nilikuwa nalitafuta shamba langu ng'ambo ya kijito na kumbe limelala mita chache kutoka kitandani pangu.

"Yaliyokuja nyuma ya jiko nayaona," nikasema. "Na yaliyopita kwenye punje?"

"Hayo mmeyala, bibi. Mfupa unajengwa kwa kitu hicho hicho. Mmetembea nayo."

Niliangalia kifundo cha mkono wangu, mfupa unaotokeza pale, kama sijawahi kuuona.

Akanielekeza. Ng'ambo, kifuniko kimoja cha soda cha mbolea ya kupandia kwa kila shimo, udongo kidogo juu yake ili mbegu isiungue, halafu mbegu. Samadi nikiipata niiweke. Mabua na maganda yabaki kule kule. Baada ya hapo, kila mwaka nipime ninachorudisha kwa ninachotoa: nikivuna magunia mengi nirudishe zaidi, nikivuna machache nirudishe kidogo.

"Na nyuma ya jiko?"

"Huko hata punje moja ya mbolea usiweke. Kuna akiba, acha mahindi yaile. Ukiongeza, mvua itaichukua na udongo iipeleke kijitoni, iwe hasara yako na ya maji."

Samadi niliifuata kwa Wamaasai. Watu wa hapa na wao hatujakaa vizuri kila mwaka. Mambo ya ng'ombe kuingia mashambani yanajulikana. Nilikwenda na kanga yangu nzuri. Mama mwenye boma alinipokea, akaniita koko, ndiyo bibi kwa lugha yao.

"Koko, umekuja kudai? Ng'ombe wamekula nini tena?"

"Wamekula mabua yangu miaka yote. Nimekuja kuyachukua."

Akatazama ng'ombe wake, akanitazama mimi. "Mabua? Utayatoa wapi?"

Nikamwonyesha kilima cha samadi kwenye boma lao la zamani walilolihama, kikavu, kirefu kuliko mimi. "Pale."

Yule mama alicheka mpaka shanga zake zikalia. Akawaita wenzake, akawatafsiria, wakacheka na wao. "Chukua, koko! Chukua yote! Sisi ndiyo tulihama pale sababu ya hicho." Akanipa punda abebe, na siku iliyofuata akaja mwenyewe kuona bibi anayedai mabua kutoka tumboni mwa ng'ombe.

Kupanda kulichukua muda. Shimo, samadi, kifuniko, udongo, mbegu, udongo. Jirani alisimama kwenye njia.

"Sasa umekuwa muuza soda?"

"Nalisha."

"Unalisha nani? Hakuna kitu hapo."

"Ndiyo maana nalisha. Aliyeshiba unamlisha ya nini?"

Mvua ikanyesha. Mahindi yakatoka. Kila asubuhi nilivuka kijito, siongei na mtu. Yalipofika kwenye kifundo cha mguu niliinama. Yalipokaribia magoti niliacha hata kuinama, niliogopa. Nilikuwa nimeshaanza kuangalia vyombo nyumbani, kipi kitakwenda Mikumi na kipi nitamwachia nani. Kinu hakibebeki kwenye basi, nikawaza, kinu nitamwachia jirani, na midomo yake.

Yakafika magotini. Nikashika jani, nikaligeuza. Kijani. Nikashika la pili yake, kijani. Nikaenda mpaka katikati, pale kichupa kilipotoka cheupe kama maji ya kisima, nikapapasa majani kama kipofu anayepapasa uso wa mtu. Pembeni kabisa, pale samadi ilipoishia na vifuniko nikavibania, mistari michache ilikuwa imeiva zambarau. Hata hiyo ilinifurahisha. Ilinionyesha kwamba ardhi haikubahatisha. Imepokea inachopewa, ikajibu kwa kipimo kile kile, pale pale, bila kukosea shimo. Mimi naswali tangu mtoto, lakini siku ile nilisema Alhamdulillah kwa sauti peke yangu katikati ya mahindi.

Sisemi nilivuna kama nyuma ya jiko. Sikuvuna hivyo. Ardhi iliyochotwa tangu enzi za mama hairudi kwa masika moja. Lakini magunzi yalikuwa magunzi, yamejaa mpaka nchani, na maganda niliyamenyea pale pale shambani nikayaacha chini. Shamba likabaki chafu. Wapitao wakasema bibi amezeeka. Waseme.

Mwanangu akaja amevaa fulana yake ya mpira wa miguu. Akasalimu, akavuka kijito, akakaa huko muda. Aliporudi alikuwa na gunzi mkononi, analizungusha tu.

"Mama, ulifanya nini?"

"Nilirudisha."

Hakuuliza nini. Akaenda kuinua gunia lake la kupeleka Mikumi, kama anavyochukua kila mwaka mahindi yakipatikana. Akaliweka begani, akasimama nalo. Ndipo nikamwona.

"Simama hapo hapo," nikamwambia.

"Kuna nini?"

"Simama."

Nilimtazama bega lile lilivyobeba. Nikatazama vifundo vya mikono, goti lilivyonyooka chini ya uzito. Nilimlea kwa uji wa ng'ambo ya kijito. Hakuna kingine nilichokuwa nacho. Alipoota meno, meno hayo yalitoka kule. Kile nilichokitafuta nikakikosa kwenye kichupa, kilikuwa kimesimama mbele yangu, kina jasho, kinanung'unika kwamba gunia ni zito.

"Mama, naumia."

"Utaumia vizuri. Gunia hilo linaondoka na shamba, unasikia? Umelichukua, ulirudishe. Kabla ya masika uniletee mbolea ya kupandia."

"Kwa hiyo huji Mikumi?"

"Mikumi nipo tangu ulipohamia wewe," nikamwambia. "Malori hayo unainua kwa mikono ya nani?"

Akacheka sasa, gunia likatikisika begani. Nikamsindikiza mpaka njiani penye bodaboda, nikaliangalia gunia likifungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki.

"Na usije mikono mitupu," nikamwambia.

"Ndiyo mama."

Nikarudi, nikachukua tenga. Majivu ya jikoni yalikuwa yamejaa tangu asubuhi, yameshapoa. Nikayazoa, nikajitwika, nikateremka nayo kijitoni kwa njia ile ile, safari hii nikielekea upande wa pili.