Wageni Tuliowanyima Chemchemi

Enzi zetu, kabla watoto hawajaanza kuogopa umande, sisi wa juu kule Gesima tulikijua kile kilima kwa makalio. Tuliteleza juu ya magogo ya migomba mpaka kaptura zikatoboka, tukala mapera mabichi, kisha tukatumwa chemchemini. Ndoo kichwani, majani juu yake maji yasimwagike. Ukiyamwaga, nyanya yangu alikuwa na neno moja tu: "Rudi!" Kijana wa leo ukimtuma maji anakuuliza, ya chupa au ya mfereji?

Miaka ya tisini wakaja wageni na ramani. Kilima kilikuwa hifadhi ya serikali. Hata kuni tulizichukua kwa kuibia. Nyanya, kama ilivyo desturi, aliwapa maji ya chemchemi kwa kibuyu kabla hajawauliza majina. Wakanywa, wakasifu, wakaomba kuonyeshwa yanakotoka. Akawapeleka. Juma lililofuata tulikuta vigingi vimeizunguka chemchemi yote. Niliogopa kweli. Nyanya hakutulia tena. Alizunguka uani akijilaumu, "Ni mimi niliyewaonyesha."

Chifu akaitisha baraza. Akaeleza kwamba hapo zitajengwa nyumba za watalii, za mbao na nyasi, zisizodhuru hata jani. Watu wakaangua kicheko. Sisi tunahangaika tupate mabati, matajiri wanakuja kulala kwenye nyasi! Lakini vijana walitaka kazi, wakapiga makofi. Ndipo nyanya akasimama, leso kiunoni.

"Chifu, mgeni hupewa maji. Hapewi kisima."

Akina mama wakasimama nyuma yake, mmoja mmoja, mpaka chifu akafunga daftari. Vigingi vikang'olewa. Siku hiyo tulishangilia hadi sauti zikakauka.

Laiti ningeishia hapo, jamani! Nyanya alipofariki, kila mwenye shamba alianza kusogeza mpaka wake juu kilimani, hatua kwa hatua, tukapanda mikaratusi tuuzie viwanda vya chai kuni. Mikaratusi inakunywa maji! Mimi pia nilichimba mashimo, tena karibu kabisa na maji, maana huko ilikua haraka.

Chemchemi imekauka. Wanangu wananunua maji kwa mwenye punda, nami nawasimulia utamu wasioujua, roho ikinisuta. Wageni tuliwakataa kwa sauti moja. Miti niliipanda kwa mikono hii, na hakuna aliyeitisha baraza.